Eliya alikata tamaa, hakukemewa, alipewa mkate. Yaliyonikuta baada ya kuku 270 kufa (uzi mrefu)

Mfugaji wa Chanika (mleta mada)

Salaam wakuu.

Humu mimi ni msomaji tu, mwaka wa sita huu. Napita, nacheka, nalala. Leo naandika kwa sababu ya kijana mmoja aliyeleta mada wiki iliyopita akiuliza kama Mkristo kukata tamaa ni dhambi. Majibu mliyaona. Wa kwanza: funga siku tatu. Wa pili: tubu. Wa tatu akamtumia namba ya mtumishi. Uzi ukafia hapo na kijana hakurudi. Kama bado unapita humu, mdogo wangu, huu ni wako. Ni mrefu, wenye haraka watangulie.

Nafuga kuku wa nyama, Chanika. Awamu mbili za kwanza zilinilipa, nikajiona nimeshaijua kazi. Ya tatu nikaingiza vifaranga 400 kwa hela ya kikoba (kikundi chetu cha kuweka na kukopa). Wanaofuga wanajua ratiba: siku ya 7 chanjo ya mdondo, siku ya 14 chanjo ya Gumboro, ugonjwa mwingine unaoua vifaranga. Ile ya Gumboro niliifuata mjini mwenyewe. Muuzaji akanionya, "Weka kwenye barafu, isipate joto." Nikamjibu mimi naishi karibu. Chanika karibu na wapi, sijui. Nikatia kichupa kwenye mfuko wa shati, nikapanda daladala saa saba mchana, foleni ya Gongo la Mboto ikatushika mpaka nikasinzia. Kichupa kifuani, jua la dirishani juu yake. Nilipofika nikachanganya na maji, kuku wakanywa, nikaandika kwenye daftari: "Gumboro tayari."

Siku ya 27 asubuhi nikakuta kumi na mmoja wamekufa. Wengine wamejikunyata, manyoya yamesimama, kinyesi cheupe cha majimaji. Kesho yake sitini na kitu. Keshokutwa nilikuwa nawabeba kwa toroli. Nyuma ya banda nilichimba shimo, tabaka la kuku, tabaka la chokaa, tena kuku. Bwana mifugo alipofika alipasua mmoja, akanionyesha kifuko kidogo karibu na mkia kilivyovimba, akanawa mikono. Halafu akauliza kwa upole kabisa: "Chanjo uliibebaje?"

Hilo swali lilikaa na mimi miezi miwili.

Walikufa 270 kwa hesabu ya mwisho. Waliobaki wakadumaa, wanakula hawaongezeki, nikawauza kwa bei ya kutupa. Mke wangu wakati huo alikuwa kwao Singida anauguza mama yake. Kwenye simu nikamwambia kuku wanaendelea vizuri. Nikazima taa za banda, nikaacha kwaya (naimba besi, na besi tulikuwa wawili tu, kwa hiyo fikirieni), simu nikaizima nisisikie watu wa kikoba. Nilikuwa nalala nimegeukia ukutani mchana kweupe. Si kwamba nilikuwa nalia. Bora ningelia. Nilikuwa mkavu tu, kama gunzi. Kusali nilijaribu, ila nikifumba macho namsikia bwana mifugo.

Rafiki yangu, kwa nia njema naamini, akanipeleka kwenye maombi fulani. Nikaambiwa ukoo wetu una madhabahu na ndiyo iliyokula kuku, itahitaji sadaka kuivunja. Wakuu, mimi najua kilichokula kuku. Kilikuwa kwenye mfuko wangu wa shati. Lakini mtu aliyechoka anaamini chochote. Nilitoa nilichokuwa nacho, nikarudi kwa miguu kutoka stendi. Niliondoka nyumbani na mzigo mmoja, nikarudi na miwili: kuku wamekufa, na sasa nina laana.

Aliyenifikia alikuwa mama mmoja wa jumuiya yetu, yaani kaya za jirani tunaosali pamoja. Mjane, anakaanga vitumbua asubuhi barabarani. Aligonga, sikufungua, akaingia kupitia uani kama kwake. Ana chupa ya chai ya maua mekundu, kifuniko chake kimefungwa kwa mpira wa ndala. Ndani uji wa ulezi. Vitumbua vitatu kwenye gazeti. Akauliza, "Mwanangu, umekula?" Nikasema nimekula. Akatazama jiko, akaona vumbi, hakusema kitu. Akamimina uji kwenye kikombe, akaketi kwenye kigoda, akaanza kuchambua mchicha wake aliokuja nao. Nikanywa, nikarudi kulala. Yeye anachambua mchicha. Nilipoamka alikuwa ameondoka, na chupa kaiacha karibu na kichwa changu, bado nzito.

Kesho yake akaja tena. Hakuleta neno la Mungu, aliniletea uji. Siku ya nne ndipo aliposema, "Oga. Jumamosi jumuiya inasalia hapa kwako." Hakuomba ruhusa.

Sasa nifike kwa Eliya. Jumamosi ile zamu ya somo ilikuwa 1 Wafalme 19. Sikuichagua mimi, wala nadhani yule mama hakuichagua, ingawa simwamini sana. Nimeisikia hadithi hiyo tangu shule ya Jumapili, ila siku zote wanatusimulia sura ya 18, mlima Karmeli, moto umeshuka, manabii 450 wa Baali wameaibika. Sura ya 19 tunaipitia mbio kwenda kwenye "sauti ndogo ya utulivu". Siku hiyo aliisoma binti wa kidato cha pili, anasoma polepole, anakwama, na kwa sababu ya kukwama kwake nikasikia kila kitu.

Eliya anatishiwa na malkia Yezebeli, anakimbia mpaka Beer-sheba. Pale anamwacha mtumishi wake. Anaendelea peke yake mwendo wa siku moja nyikani, anaketi chini ya mretemu (kichaka cha jangwani), anasema yatosha, Bwana uiondoe roho yangu. Halafu analala. Mimi nilikuwa nasubiri akemewe. Nabii mzima, jana kashusha moto! Malaika anakuja, anamgusa, anasema inuka ule. Basi. Mkate umeokwa juu ya makaa, gudulia la maji kichwani pake. Anakula, anakunywa, ANALALA TENA. Na hakuna aliyemwambia umelala mno. Malaika anarudi mara ya pili, anamgusa tena, inuka ule, safari ni kubwa mno kwako. Hakumwambia "imani yako ni ndogo." Alimwambia safari ni kubwa.

Binti aliposoma "gudulia la maji kichwani pake" nikamtazama yule mama. Alikuwa anaangalia chini, anachezea ukingo wa kanga.

Kuna mambo mawili zaidi niliyaona baadaye nikisoma mwenyewe usiku. La kwanza, Eliya anamlalamikia Mungu kwamba amesalia peke yake. Ukirudi sura ya 18, Obadia, msimamizi wa nyumba ya mfalme, alikuwa ameshamwambia kwa mdomo wake kwamba amewaficha manabii 100 mapangoni, hamsini hamsini, anawalisha mkate na maji. Eliya alijua! Kukata tamaa kulimfutia hesabu. Mimi pia nilikuwa na kuku 130 hai nikawa nasema zimekwisha zote, na jumuiya ya kaya kumi na nne nikawa nasema sina mtu.

La pili ndilo nalipenda kuliko yote. Kule mlima Horebu anaulizwa, "Unafanya nini hapa, Eliya?" Anamwaga malalamiko yake. Unapita upepo, tetemeko, moto, halafu ile sauti. Anaulizwa swali lile lile. Na yeye anajibu malalamiko yale yale, neno kwa neno. Yaani baada ya miujiza yote hiyo mlimani, bado yuko vile vile! Hakupona palepale. Mungu hakumlazimisha abadilishe jibu. Alimpa kazi ya kwenda kufanya na mtu wa kufanya naye, kisha ndipo akamtajia wale 7,000 ambao hawajampigia Baali magoti.

Turudi kwangu. Mwinjilisti alipouliza mahitaji ya maombi nilikuwa nimepanga kusema "afya na uchumi" kama kawaida yetu. Nikajikuta nasema, "Nimemkasirikia Mungu. Na najikasirikia mimi zaidi, kwa sababu niliwaua mwenyewe kwa uzembe." Kimya. Mtoto mmoja akacheka, akafinywa. Mzee mmoja wa kanisa akakohoa, akasema, "Basi tuombe hivyo hivyo." Na akaomba hivyo hivyo: "Bwana, mtoto wako huyu amekukasirikia, tunakuletea na hasira yake." Sijawahi kusikia ombi kama hilo kanisani. Nililia siku hiyo, na haikuwa kilio cha kupendeza.

Kikoba niliwaendea wiki iliyofuata, wakaniongezea miezi, hilo lilikuwa jepesi kuliko nilivyoogopa. Mke wangu nikamwambia ukweli, hilo halikuwa jepesi.

Mwinjilisti naye akanipa kazi. Wasio Walutheri niwaeleze: kwetu watu huleta sadaka ya mazao, mikungu ya ndizi, mayai, miwa, na baada ya ibada tunanadi pale nje. Nikapewa kupokea vitu na kumshikia mnadishaji. Jumapili ya kwanza kitu cha kwanza kuletwa kilikuwa jogoo. Mwekundu, miguu imefungwa kamba ya katani, ana hasira. Nilikuwa sijagusa kuku tangu lile shimo. Mnadishaji ananipungia, watu wanasubiri, nikamkumbatia, na moyo wake unapiga kwenye kiganja changu haraka haraka kama mashine ya kushonea. Akauzwa. Mnunuzi akamrudisha mnadani auzwe tena, kama kawaida ya watu wenye moyo. Akauzwa tena. Na mimi nimemshikilia muda wote huo.

Nawasilisha. Sijasema nimepona kabisa. Kuna asubuhi bado ni ngumu.

---

Kaka Ndizi

Nimekaa siti ya dirishani. Mkuu, jogoo aliuzwa mara ngapi? Usituache njiani.

---

Mpasua Mbingu

Mleta mada, pole kwa hasara, lakini unapotosha. Isaya 61:3 inataja "roho nzito" na dawa yake ni vazi la sifa, si uji. Kukata tamaa kuna chanzo cha kiroho. Sasa mnawafundisha vijana kulala mchana eti Eliya alilala. Na kusema umemkasirikia Mungu mbele ya watoto ni kufuru. Tuache kubembeleza udhaifu.

---

Sista wa Zamu

Mimi ni muuguzi, niko zamu ya usiku na wodi imetulia, acha niandike.

@Mpasua Mbingu, mimi ni mlokole, nanena, usinitafutie. Lakini nimeuguza wahubiri wawili waliokaa na sonona miezi kwa sababu kila aliyewatembelea aliwaongezea kipindi cha maombi. Mmoja alikuwa hajalala wiki mbili. Mtu ambaye hajalala wiki mbili hata Zaburi ya 23 anaisoma kama bili ya maji.

Wapendwa, kuvunjika moyo baada ya hasara ni kawaida, na mara nyingi kunapungua siku zikienda, mtu akila, akilala na kupata watu. Lakini ikipita wiki mbili mfululizo hujisikii raha na chochote, usingizi umevurugika, chakula hakipiti, unajiona huna thamani, nenda hospitali. Hospitali ya wilaya inatosha kuanzia, watakuelekeza. Sio kwamba umemkana Yesu. Presha mnameza vidonge kila asubuhi na hamjawahi kuitwa wasioamini.

Na kama mawazo yamefika pale alipofika Eliya, kwamba bora nife, usilale peke yako na hilo wazo usiku huu. Mwambie mtu mmoja, hata jirani, hata kwa maneno mabovu. Eliya alikosea kumwacha mtumishi Beer-sheba, huo ni mtazamo wangu wa kiuguzi.

Mleta mada, huyo mama wa vitumbua tungemwajiri hapa.

---

Haki Bin Swali

Mimi si muumini, nimesoma mpaka mwisho kwa sababu umeandika vizuri. Swali la kweli, sio dhihaka: aliyekusaidia ni mama mwenye uji, mzee mwenye busara na kikoba chenye huruma. Mungu kafanya nini hapo?

---

Mfugaji wa Chanika (mleta mada)

@Haki Bin Swali, swali zuri na sina jibu la kukunyamazisha. Ninachokijua ni hiki. Yule mama anaamka saa tisa usiku kukoroga unga, ana wajukuu watatu, na vitumbua vitatu kila siku kwake ni hela. Nilimuuliza baadaye kwa nini alikuja. Akasema, "Nilikuwa naomba, nikakukumbuka, nikaona nikimaliza kuomba bila kuja nitakuwa nimemsumbua Mungu bure." Wewe utasema ni utu. Yeye anasema alitumwa. Mimi niliyekuwa nimelala pale nashindwa kuvitenganisha.

@Mpasua Mbingu, Isaya 61 naipenda, na Jumapili nimevaa hilo vazi la sifa, besi juu ya besi. Ila soma mstari wa kwanza wa sura hiyo hiyo: kuwaganga waliovunjika moyo. Kuganga ni kazi ya kufunga jeraha kwa mkono. Huwezi kulifunga ukiwa unapiga kelele mlangoni.

---

Kaka Ndizi

"Bili ya maji" 😂😂 Sista umeniua.

---

Omwana wa Bukoba

Nimezaliwa kwenye nyumba ya Uamsho (ule mwamko wa kiroho wa Wakristo wa Afrika Mashariki), babu yangu alikuwa "ndugu" wa zamani kule Kagera. Mleta mada, hilo ulilofanya kwenye jumuiya lina jina. Wazee wetu waliita kutembea nuruni. Unasimama mbele ya ndugu, unasema hali yako ilivyo, si ile ya Jumapili. Sisi watoto tulikuwa tunachoka, maana wakianza kusema ukweli ibada haiishi.

Na wengi hawajui kwamba mwanzo wa Uamsho wenyewe una mtu aliyechoka. Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, Rwanda. Mwaka 1928 na 1929 njaa kubwa ilipiga eneo lile, watu wakafa mno, naye akaishiwa nguvu za mwili na za roho. Septemba 1929 akaenda Kampala kupumzika. Pale Namirembe akakutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, ambaye naye alikuwa na kiu yake. Wakakaa pamoja na Biblia siku mbili. Mzungu aliyechoka na Mwafrika mwenye njaa ya Mungu, wanasoma pamoja kama ndugu, wakati ule wa ukoloni! Miaka ya 1930 moto ukawaka Gahini, ukafika Uganda, Burundi, Kenya, na kwetu Bukoba. "Tukutendereza", wimbo wao wa sifa, ikaimbwa na watu ambao hata Kiganda hawakijui.

Babu alikuwa akisema shetani anapenda sana chumba chenye mtu mmoja. Alikuwa anasema hivyo hasa akitaka tusimwache peke yake na senene zake, lakini maana ni hiyo.

---

Mama Shamba wa Nakuru

Habari zenu kutoka Kenya. Mimi ni wa nyanya, si kuku. Nilipoteza ekari nzima kwa baridi usiku mmoja, na duka la pembejeo lilikuwa linanidai. Nataka tu kuongeza kitu kimoja. Someni Zaburi ya 88. Zingine nyingi za kulia huwa zinageuka mwishoni, "lakini mimi nitakutumaini", mambo kama hayo. Hiyo ya 88 haigeuki. Inaishia gizani, kabisa, hakuna haleluya. Nilipoipata nilishangaa nani aliiruhusu iingie kwa Biblia. Kwa miezi mitatu ndiyo sala peke yake ningeweza kusema bila kudanganya. Niliisema kila asubuhi nikimwaga maji kwa miche.

Na Paulo pia, 2 Wakorintho sura ya kwanza, anasema kule Asia walilemewa hadi wakakata tamaa ya kuishi. Paulo huyo wenu wa "nayaweza mambo yote". Huwa hawahubiri hiyo kwetu.

---

Mpasua Mbingu

Nimerudi. Nimesoma tena uzi wote, nimetulia.

Niseme kitu ambacho sijawahi kuandika humu. 2020 nilipunguzwa kazi, nikaficha kwa familia miezi mitano. Naondoka nyumbani asubuhi na begi, nakaa kwenye bustani mpaka saa kumi. Kilichonitoa ni kufunga na kuomba. Kweli kabisa. Kwa hiyo mtu akisema uji ndio jibu, mimi naona ananidharau pale nilipotokea. Msiwafungie watu mlango wa kufunga kwa sababu kuna matapeli wameuchezea.

---

Mfugaji wa Chanika (mleta mada)

@Mpasua Mbingu, nimekuelewa kaka, na samahani kwa maneno ya "kelele mlangoni". Siufungi huo mlango. Hata Eliya baada ya kula alitembea siku 40 usiku na mchana kwa nguvu ya chakula kile, na huko njiani hakuna anayesema alikula tena. Mimi naona ni mpangilio tu. Kwanza alilishwa.

Hiyo ya begi na bustani imenigusa. Mimi nilikuwa na ukuta, wewe ulikuwa na bustani. Miezi mitano hakuna aliyekuuliza?

---

Mpasua Mbingu

Mlinzi wa pale bustanini. Alikuwa ananigawia karanga. Sikuwahi kumwambia shida yangu. Sasa unanifanya nimfikirie vibaya yule mzee, kwamba labda ndiye alikuwa malaika na mimi namsimulia kila mtu kuhusu mfungo. 😅

---

Mzee wa Usharika

Wanangu, nyongeza fupi. Eliya alitumwa awapake mafuta watu watatu, Hazaeli, Yehu na Elisha. Fuatilieni muone. Aliyemfikia mwenyewe ni Elisha peke yake, akamkuta analima na jozi kumi na mbili za ng'ombe. Hao wengine wawili mambo yao yalitimia kwa mkono wa Elisha, Eliya akiwa ameshachukuliwa. Kwa hiyo mtu aliyeomba kufa alipewa kazi kubwa kuliko umri wake, akaimaliza theluthi. Na Mungu hakumdai hizo mbili. Mimi nina miaka 71, hilo linanipa usingizi.

---

Mdogo Asiye na Jina

Mimi ndiye yule kijana wa wiki iliyopita. Nilikuwa nasoma tu.

Nimedisco mwaka wa pili, yaani nimeondolewa chuo kwa kufeli. Nyumbani wanajua niko chuo. Mama aliuza ng'ombe kwa ajili ya ada. Niko geto kwa rafiki, yeye anaenda vipindi mimi nabaki. Kanisani nilikuwa kiongozi wa UKWATA (umoja wa wanafunzi Wakristo) tangu sekondari ndiyo maana siwezi kwenda, watauliza. Hapa mjini sina jumuiya. Sasa huyo mama wa uji mimi nampata wapi.

---

Sista wa Zamu

Asante kwa kurudi. Kwanza nijibu moja kwa moja bila kuona aibu: kuna mawazo ya kujidhuru? Nimekutumia ujumbe wa faragha, nipo macho mpaka saa kumi na mbili asubuhi.

---

Mfugaji wa Chanika (mleta mada)

Mdogo wangu. Leo umekula nini?

---

Mdogo Asiye na Jina

Chai na chapati moja saa nne.

@Sista nimekujibu kule. Hapana, sio kujidhuru, ila kuna siku natamani nisiamke.

---

Mfugaji wa Chanika (mleta mada)

Usiku huu fanya vitu viwili tu. Kula, hata wali wa kukopa hapo mtaani. Na rafiki yako akirudi kutoka vipindini umwambie hilo la mwisho ulilotuandikia hapa, kama lilivyo. Yeye ndiye mtumishi wako wa Beer-sheba, usimwache. Mama yako tutamfikia, sio leo. Mimi nilimdanganya mke wangu wiki saba kuhusu kuku, najua ninachokwambia: yale maneno ukiwa umeyabeba ni mazito kuliko yakishatoka.

Niambie uko mji gani kwa faragha. Wakristo tumejaa nchi nzima na wengi wetu tunajua kupika uji.

---

Omwana wa Bukoba

Kama ni Dodoma au Mwanza mimi nina watu. Sio wa kuhubiri, wa kukaa naye. Kuna mama mmoja wa Uamsho atamchosha kwa maswali ila atamlisha.

---

Mdogo Asiye na Jina

Nimemwambia. Amekaa kimya, halafu amesema mwaka jana naye alikaribia kudisco na hakuniambia. Tumekula wali maharage.

Ni Dodoma. Nimekutumia @Omwana.

---

Kaka Ndizi

Mimi nilikuja kuuliza jogoo jamani, sasa ona nalia ofisini. Bosi anadhani ni mafua.

---

Mfugaji wa Chanika (mleta mada)

MREJESHO, wiki tatu baadaye.

Mliouliza PM: kijana yuko salama, hayo mengine ni yake kusimulia akipenda. Nitasema tu kwamba mama yake ameshajua, na neno la kwanza alilouliza kwenye simu mnalijua.

Mimi nimeingiza vifaranga 100. Mia tu. Mke wangu amerudi na ndiye anayeshika daftari, mimi sina tena mamlaka ya kuandika "tayari". Kesho ni siku ya 14. Jana nilikwenda kwa yule mama kumuomba aniazime ile chupa ya chai ya maua mekundu, kwa sababu inatunza ubaridi kama inavyotunza joto. Akaniuliza ya nini, nikamwambia ya barafu, nakwenda kufuata chanjo. Akaisugua kwa majivu, akaikausha juani, akanipa. Mpira wa ndala ameubadilisha.

@Kaka Ndizi, aliuzwa mara nne. Wa mwisho kumnunua alikuwa yule mzee aliyeomba na hasira yangu, akanikabidhi palepale akasema, "Huyu ni wako, ulimshika vizuri." Nimemfungia mbali kabisa na vifaranga, upande wa pili wa ua. Anawika saa tisa usiku, saa ile ile mama wa vitumbua anakoroga unga, na jirani wa kushoto ameshanitumia ujumbe mara mbili.